Hifadhidata Imehama, Walinzi Hawana Habari

Chanzo huwa ni nafasi. Seva ilinunuliwa na diski ya gigabaiti 120 kwa sababu ndivyo bajeti ilivyoruhusu, mfumo wa wagonjwa au wa wanachama wa SACCOS ukawekwa juu yake, na kwa muda mrefu hakuna aliyejali data zinakaa wapi. Kisha mfumo unagoma kupokea rekodi mpya, na kwenye logi kuna maneno `No space left on device`. Diski ya pili inanunuliwa, ya terabaiti mbili, inapachikwa kwenye `/data`, na kazi iliyobaki inaonekana nyepesi: simamisha huduma, nakili folda, badilisha mstari mmoja kwenye mipangilio, washa tena. Huduma haiwaki.

Makala haya ni ya mtu aliyefika hapo, akiwa na PostgreSQL, MySQL au MariaDB juu ya Linux. Kwetu watu hao si wachache. OpenMRS, inayotumika katika hospitali na vituo vingi vya afya vya Afrika Mashariki, hutunza kumbukumbu zake kwenye MySQL au MariaDB. DHIS2, ambayo wizara za afya za ukanda huu zinaitumia kwa takwimu zake, hutegemea PostgreSQL. Ongeza mifumo ya shule, maduka na ofisi iliyoandikwa kwa PHP na kijana wa hapo mtaani, utaona kwamba kuhamisha folda ya data ni kazi ambayo fundi yeyote wa seva ataikuta siku moja.

Niseme msimamo wangu mapema: hifadhidata yenyewe ni nadra kuwa na kosa. Programu hizi hazichagui pa kulala. Ukizipa folda yoyote inayofaa zitafanya kazi. Kinachogoma ni walinzi waliozunguka hiyo folda, ambao kila mmoja ana daftari lake la anwani, na wewe ulipohama uliandikisha anwani mpya kwa mmoja tu. Yupo mwenye folda. Zipo ruhusa za folda zilizo juu yake. Ipo AppArmor au SELinux. Ipo systemd, lipo faili la `/etc/fstab`, na kuna programu ya mteja inayotafuta soketi mahali ilipoizoea. Kazi yako ya kwanza ni kujua ni nani hasa anayekukatalia, kabla hujagusa ruhusa yoyote.

Ninasisitiza hilo kwa sababu ushauri unaozunguka zaidi kati ya mafundi ni `chmod -R 777`. Achana nao. PostgreSQL ikikuta folda yake ya data iko wazi kwa kila mtu hukataa kuwaka, na itakuambia waziwazi kuwa inataka 0700 au, tangu toleo la 11, 0750. MySQL nayo ina kisasi chake: ikikuta faili la mipangilio ambalo yeyote anaweza kuliandika, hulipuuza. Maana yake ule mstari wako wa `datadir` hausomwi, seva inarudi kwenye folda ya zamani, na wewe unadhani umefanikiwa kwa kuwa huduma imewaka. Isitoshe, ruhusa za awali hazikuwa sawa kwenye kila faili, kwa hiyo hakuna amri moja ya kuzirudisha zilivyokuwa.

Kwanza, kilichohamishwa kiwe kizima

Folda ya data ikinakiliwa huku seva inafanya kazi, nakala hiyo ni ya kutiliwa shaka hata kama inawaka. Baadhi ya mafaili yatakuwa ya sekunde hii na mengine ya sekunde ile. Simamisha huduma, hakikisha kwa `ps aux` kwamba hakuna mchakato uliobaki, ndipo unakili. Na kabla ya hayo yote toa nakala rudufu kwa `pg_dumpall` au `mysqldump`, uiweke kwenye mashine nyingine. Si kwenye diski mpya. Diski mpya bado hujaijua tabia.

Kunakili kufanywe na root, kwa amri inayohifadhi wenye mafaili na ruhusa zao:

`rsync -aAX /var/lib/mysql/ /data/mysql/`

Mkwaju ule wa mwisho kwenye `/var/lib/mysql/` si pambo. Ukiuacha, rsync itaunda `/data/mysql/mysql`, na seva itatafuta mafaili yake kwenye ghorofa isiyo yao. Mkanganyiko huu unachelewa kugundulika kwenye MySQL, kwa sababu ndani ya folda ya data kuna kawaida folda nyingine inayoitwa `mysql`, ile ya mfumo wenyewe. Mtu anaangalia, anaiona, anaridhika.

Folda ya zamani usiifute. Ibadilishe jina, mathalani `/var/lib/mysql.zamani`. Hapo seva haiwezi kuirudia kimyakimya. Itapata data mahali papya au itashindwa kwa kelele, na kelele ndiyo tunayoitaka. Ila jihadhari na jambo moja: katika baadhi ya matoleo ya Ubuntu kuna skripti inayotangulia MySQL kuwaka, na hiyo huchungulia `/var/lib/mysql` hata kama mipangilio inasema data ziko kwingine. Isipoikuta inaandika `MySQL data dir not found at /var/lib/mysql. Please create one.` na kufunga kazi. Dawa yake ni ya kuchekesha kidogo: unaunda folda tupu, `mkdir -p /var/lib/mysql/mysql`, ili skripti ipite na moyo mweupe.

Mahali ujumbe wa kweli ulipo

`systemctl start` ikishindwa hukupa sentensi moja isiyo na msaada na kukuelekeza kwingine. Wengi huishia hapo, wakaanza kubahatisha. Fuata maelekezo: `journalctl -xeu mysql`, kisha logi ya hifadhidata yenyewe. Kwa MySQL ya Ubuntu ni `/var/log/mysql/error.log`, kwa PostgreSQL ya Debian na Ubuntu ni faili lenye jina la toleo ndani ya `/var/log/postgresql/`.

Hapo kwenye Debian na Ubuntu kuna mtego ninaoukuta kila mahali. Ukiuliza `systemctl status postgresql` utaambiwa `active (exited)`, kwa rangi ya kijani, hata kama PostgreSQL imekufa. Huduma yenye jina hilo ni kivuli tu. Haiendeshi seva yoyote. Seva halisi inaitwa, kwa mfano, `postgresql@16-main`, na ndiyo ya kuuliza hali. Njia fupi zaidi ni `pg_lsclusters`, inayoonyesha toleo, poti, hali, folda ya data na logi kwa mstari mmoja. Kama safu ya folda bado inaonyesha `/var/lib/postgresql/16/main`, hujahamisha kitu machoni pa mfumo.

Kwenye ujumbe wa kosa tafuta namba. MySQL huandika `Errcode` au `OS errno`, na amri ya `perror` hutafsiri namba hiyo. Namba 2 maana yake kitu hakipo: njia imeandikwa vibaya au diski haikupachikwa. Namba 28 ni diski kujaa. Namba 13 ni kukataliwa ruhusa, na ndiyo itakayokula muda wako mwingi, kwa kuwa walinzi watatu tofauti wanatumia namba hiyohiyo bila kujitambulisha.

Ruhusa si za folda ya mwisho peke yake

Mtu anatazama `/home/juma/data/postgresql`, anaona mwenyewe ni postgres na ruhusa ni 0700, halafu anashangaa kwa nini seva inakataliwa. Ili kufika kwenye folda, mchakato lazima uruhusiwe kupita katika kila folda iliyo juu yake, yaani uwe na ile herufi `x` kuanzia `/` hadi chini. Amri ya `namei` inaonyesha njia nzima, hatua kwa hatua:

`namei -l /home/juma/data/postgresql`

```
drwxr-xr-x root     root     /
drwxr-xr-x root     root     home
drwxr-x--- juma     juma     juma
drwxrwxr-x juma     juma     data
drwx------ postgres postgres postgresql
```

Mstari wa tatu ndio mkosaji. Nyumbani kwa Juma wanaingia Juma na kundi lake tu. Postgres si miongoni mwao. Tangu Ubuntu 21.04 folda za nyumbani huundwa zikiwa zimefungwa namna hii, ndiyo maana maelekezo ya zamani yaliyofanya kazi kwenye Ubuntu 18.04 hayafanyi kazi kwenye mashine mpya. Usiifungue nyumba ya Juma ili postgres apite. Hamisha data ziende `/data` au `/srv`, ambako hakuna mtu anayeishi.

Hali ni hiyohiyo kwa diski ya nje iliyochomekwa na kujitokeza yenyewe chini ya `/media`: folda ile ya kati imefunguliwa kwa aliyeingia kwenye skrini peke yake. Na kama diski hiyo imefomatiwa kwa exFAT au NTFS, kama zilivyo nyingi zinazotoka dukani, usihangaike kabisa. exFAT haina mahali pa kuandika mwenye faili ni nani, wala ruhusa za Linux, kwa hiyo `chown` na `chmod` haziwezi kubadili kitu. Ifomati kwa ext4 au XFS.

Ukishaona njia iko safi, jaribu kupita ukiwa umevaa kofia ya seva yenyewe:

`sudo -u postgres ls /data/postgresql/16/main`

Au `sudo -u mysql` kwa wale wa MySQL. Jibu la amri hii linakupunguzia nusu ya kazi. Ikikataliwa, tatizo ni wenye folda na ruhusa za kawaida. Rekebisha kwa `chown -R` na kwa kufungua njia. Ikikubaliwa lakini huduma bado inalia namba 13, basi achana na chmod moja kwa moja, maana ruhusa za kawaida zimeshathibitishwa kuwa sawa. Aliyebaki ni mlinzi anayeifuata huduma bila kukufuata wewe uliye kwenye terminali. Fundi asiyefanya jaribio hili anaweza kubadilisha ruhusa siku nzima bila kusogea, kwa kuwa anayebishana naye hazitazami ruhusa hizo.

AppArmor na SELinux

Mlinzi huyo ni mmoja kati ya wawili. Ubuntu na Debian wana AppArmor. Red Hat, Rocky, AlmaLinux na Fedora wana SELinux. SELinux ilitolewa na shirika la kijasusi la Marekani, NSA, mwaka 2000, ikaingia kwenye kiini cha Linux 2.6, AppArmor iliingia rasmi mwaka 2010. Zote mbili zinasema jambo moja: haitoshi kujua mtumiaji ni nani, lazima tujue programu hii inaruhusiwa kugusa nini. Zinatofautiana katika namna ya kutambua, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua utarekebishaje.

AppArmor hutazama njia. MySQL ya Ubuntu inakuja na orodha ya njia inazoruhusiwa, na `/data/mysql` haimo. Wajanja hujaribu kuipiga chenga kwa kuacha kiungo cha `ln -s` pale `/var/lib/mysql`. Haikubali, kwa sababu inaangalia mahali kiungo kinakoishia. Thibitisha kwanza:

`journalctl -k | grep DENIED`

Ukiona mstari wenye `apparmor="DENIED"` na `profile="/usr/sbin/mysqld"`, umempata. Fungua `/etc/apparmor.d/tunables/alias` na uongeze mstari huu:

`alias /var/lib/mysql/ -> /data/mysql/,`

Mkato ule wa mwisho ni sehemu ya amri. Ukiusahau AppArmor itakataa kusoma faili. Kisha `systemctl reload apparmor`, na uiwashe MySQL. PostgreSQL ya Ubuntu haiji na orodha kama hiyo, na MariaDB huja na faili lililoachwa tupu kwa makusudi, kwa hiyo kama unatumia hizo mbili huyu si mlinzi wako.

SELinux haijali njia wakati wa kuamua. Hutazama lebo iliyobandikwa kwenye faili. Folda uliyoiunda moja kwa moja chini ya `/` hupewa lebo ya `default_t`, ambayo PostgreSQL na MySQL haziruhusiwi kuigusa. `ls -Zd /data/mysql` itakuonyesha lebo, na `ausearch -m avc -ts recent` itakuonyesha makatazo ya karibuni. Tiba ni kuandikisha kanuni, kisha kuibandika:

`semanage fcontext -a -t mysqld_db_t "/data/mysql(/.*)?"`

`restorecon -Rv /data/mysql`

Kwa PostgreSQL lebo ni `postgresql_db_t`. Kama `semanage` haipo, kwenye Red Hat 8 na zinazofuata imo ndani ya kifurushi cha `policycoreutils-python-utils`.

Kuna wanaotumia `chcon` kwa kuwa ni fupi. Inafanya kazi leo. Lakini `chcon` hubadilisha lebo bila kuandikisha kanuni, hivyo siku mfumo utakapobandika lebo upya, huduma itakufa, na aliyeifanya kazi hiyo huenda ameshahama ofisi. Wengine huzima SELinux moja kwa moja. Kuilegeza kwa dakika mbili kwa `setenforce 0` ili kupima kama ndiyo inayozuia ni sawa, mradi urudishe `setenforce 1` kabla hujainuka kwenye kiti. Kuizima daima kwenye seva yenye majina na vipimo vya wagonjwa ni uzembe, na sitaki kulainisha neno.

Yupo pia mlinzi mdogo wa tatu, systemd. Huduma ya MariaDB huwashwa ikiwa na `ProtectHome=true`, amri inayoifanya `/home` yote isiingilike kwake, hata kama ruhusa na lebo ni safi. Unaweza kuibadilisha kwa `systemctl edit mariadb`. Ila ikifika hapo ni mara ya pili makala haya yanakuambia uondoke `/home`.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa sababu makosa ya juu yanakera tu, lakini hili linaweza kupoteza data za watu. Hifadhidata inapokaa kwenye diski ya pili, inategemea diski hiyo ipachikwe kabla yake kila mashine inapowaka. Siku ya kawaida hilo hutokea. Siku umeme umekatika mara tatu, UPS imechoka, na diski inahitaji kukaguliwa, huenda lisitokee. Na folda ya `/data` bado ipo kwenye diski ya kwanza, tupu, ikisubiri.

Fikiria kinachofuata. MySQL iliyowekwa kwa vifurushi vya Oracle kwenye jamii ya Red Hat, ikikuta folda yake ya data ni tupu, huanzisha hifadhidata mpya yenyewe. Kontena za Docker hufanya vivyo hivyo. Huduma inawaka, kila kitu ni kijani, na mfumo hauna hata mgonjwa mmoja. PostgreSQL ya Red Hat ina adabu zaidi: inagoma, na kusema folda haipo au ni tupu. Lakini papo hapo inakutajia amri ya `initdb` ya kuanzisha hifadhidata mpya, na fundi aliyepigiwa simu usiku akiwa safarini ataitii. Kuanzia hapo wahudumu wanaingiza rekodi kwenye hifadhidata isiyo sahihi. Diski ya pili ikirudi kesho yake inafunika folda ile, na rekodi za usiku huo zinatoweka machoni.

Kinga ni nne, na zote ni za dakika chache.

Data zisikae moja kwa moja kwenye sehemu ya kupachikia diski. Diski ipachikwe `/data`, na hifadhidata ikae kwenye folda iliyo ndani yake, `/data/postgresql/16/main`. Diski isipokuwepo, folda hiyo nayo haipo, na seva inashindwa kwa uwazi. `initdb` yenyewe inalijua hili: ukiielekeza kwenye kilele cha diski ya ext4 itaikuta folda ya `lost+found`, itasema mahali si patupu, na itakushauri uunde folda ya ndani. Watu huifuta `lost+found` ili kuinyamazisha. Isikilizeni.

Pili, kwenye `/etc/fstab` itaje diski kwa UUID yake, ambayo `lsblk -f` itakuonyesha, badala ya `/dev/sdb1`. Jina hilo linaweza kubadilika ukichomeka diski nyingine. Ongeza na `nofail`. Bila hiyo, diski ikikosekana mashine nzima husimama kwenye hali ya dharura na kusubiri mtu mbele ya kibodi, na kama seva iko wilayani na wewe uko mjini, umeshaelewa.

Tatu, `nofail` peke yake inaruhusu hifadhidata kuwaka bila diski. Kwa hiyo iambie systemd kwa `systemctl edit` ya huduma husika:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/data
```

Sasa mashine itawaka, utaifikia kwa SSH, lakini hifadhidata itakataa mpaka diski iwepo. Ndivyo inavyotakiwa.

Nne, diski ikiwa imeondolewa, piga `chattr +i /data`. Folda ile tupu ya chini haitaandikika na yeyote, hata root, na diski ikipachikwa juu yake haiathiriki.

Mipangilio inayosomwa na ile unayodhani inasomwa

Kwenye Debian na Ubuntu, PostgreSQL huweka mipangilio `/etc/postgresql/16/main/postgresql.conf`, na mstari wa kubadilisha ni `data_directory`. Kama unaanza upya bila data za zamani, usihangaike na kuhamisha. Amri ya `pg_createcluster -d /data/postgresql/16/main 16 main` inaunda kila kitu mahali sahihi tangu mwanzo. Kwenye jamii ya Red Hat mipangilio hukaa ndani ya folda ya data yenyewe, na anayeamua folda ni ipi ni `PGDATA` iliyoandikwa kwenye huduma ya systemd. Ibadilishe kwa `systemctl edit postgresql-16`, chini ya `[Service]`, kwa `Environment=PGDATA=/data/pgsql/16/data`. Kuiweka kwenye `.bashrc` ya postgres hakusaidii huduma. Systemd haisomi faili hilo.

MySQL husoma mafaili kadhaa kwa zamu, na la mwisho ndilo lenye neno. `my_print_defaults mysqld` inaorodhesha ilichokisoma kwa mpangilio wake. Mstari wa `datadir` uwe chini ya `[mysqld]`. Ukiuweka chini ya `[client]`, ni programu ya mteja itakayolalamika kuwa haiujui.

Mara nyingine seva inawaka vizuri, ila tovuti inasema haiwezi kuunganishwa kupitia `/var/lib/mysql/mysql.sock`. Hii ni ya jamii ya Red Hat, ambako soketi hukaa ndani ya folda ya data. Ukihamisha vyote viwili, seva inaijua soketi mpya lakini wateja hawaijui. Ama uiandike njia mpya ya `socket` chini ya `[client]` na kwenye mipangilio ya PHP, ama, na hii ndiyo ninayoipendelea, uache soketi `/var/lib/mysql` na uhamishe data tu. Kumbuka kwamba kwa wateja wa MySQL neno `localhost` maana yake ni soketi, `127.0.0.1` ndiyo inayopita kwenye mtandao. Kubadilisha moja kwa nyingine ni kipimo kizuri cha kujua kama shida ni soketi.

Kwa walio kwenye Docker nitasema machache. Kontena inamjua mwenye folda kwa namba, jina halina kazi: picha rasmi ya PostgreSQL yenye msingi wa Debian hutumia 999, ya Alpine hutumia 70. Folda ya nje iwe ya namba hiyo. Penye SELinux ongeza `:Z` mwisho wa njia. Na `POSTGRES_PASSWORD` husomwa tu folda ikiwa tupu, kwa hiyo kuibadilisha baada ya hapo hakubadilishi nywila.

Kabla hujahamisha kila kitu, jiulize pia kama kuna haja. Ikiwa ni jedwali moja la kumbukumbu za zamani linalokula nafasi, PostgreSQL ina `CREATE TABLESPACE`, inayoweka jedwali hilo kwenye diski nyingine huku seva ikibaki ilipo. Ila diski hiyo nayo itatakiwa kuwepo kila seva inapowaka, na kila mlinzi niliyemtaja atataka kujulishwa.

Baada ya kuwaka

Iulize seva yenyewe iko wapi: `SHOW data_directory;` kwa PostgreSQL, `SELECT @@datadir;` kwa MySQL. Hesabu safu za majedwali mawili matatu unayoyajua. Kisha zima mashine na uiwashe upya ukiwa umesimama hapo, mchana, watumiaji wakiwa wamearifiwa. Usiache umeme ukufanyie jaribio hilo.

Halafu kuna skripti ya nakala rudufu. Ile iliyokuwa ikinakili `/var/lib/mysql` kila usiku itaendelea kunakili folda tupu bila kulalamika, na programu inayotuma onyo diski ikijaa itaendelea kutazama diski ya kwanza. Pitia `crontab -l` ya root na ya mtumiaji wa hifadhidata, kisha piga `grep -rn '/var/lib/mysql' /etc` uone ni nani mwingine anayeikumbuka anwani ya zamani. Folda ya `.zamani` ibaki mpaka nakala rudufu iliyotoka mahali papya iwe imerejeshwa kwenye mashine nyingine na kufunguka.